Majibu ya kipimo cha ukeni na hofu ya kujifungua njiti tena

"Shikamoo daktari. Nina ujauzito wa wiki 17. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akiwa na wiki 31. Chupa ilipasuka usiku bila uchungu wowote. Alikaa wodi ya njiti wiki tano, sasa ana miaka mitatu na ni mzima. Safari hii nimeanza kliniki mapema kwa sababu ya hofu. Wiki mbili zilizopita nililipia kipimo cha majimaji ya ukeni kinachoorodhesha bakteria wote. Majibu yanasema Lactobacillus crispatus hawapo, Lactobacillus iners wapo kiasi, Gardnerella na Prevotella ni wengi. Hakuna aliyenieleza maana yake. Sina muwasho, ila baada ya tendo la ndoa nasikia harufu kama shombo la samaki, na ute umekuwa mwembamba wa kijivu. Nilidhani ni mambo ya mimba. Rafiki yangu ananishauri niweke vidonge vya probiotiki ukeni na nijisafishe ndani kwa maji yenye siki. Mume wangu anauliza kama huu ni ugonjwa wa zinaa. Je, hawa bakteria ndio waliomfanya mwanangu wa kwanza awahi? Na nifanye nini huyu asiwahi?"

Marahaba, binti yangu. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na naona karatasi ya maabara imekutisha kuliko harufu uliyoisikia wewe mwenyewe. Mimi ningeanza na harufu. Mimba huongeza ute, ni kweli, lakini ute wa mimba huwa mweupe na haunuki. Ute mwembamba wa kijivu wenye shombo inayozidi baada ya tendo ni dalili, na dalili inapimwa. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii. Ukifika, usianze kwa kusoma majina ya bakteria. Sema mambo mawili: una ute wenye harufu, na mtoto wako wa kwanza alizaliwa wiki ya 31 baada ya chupa kupasuka bila uchungu. Hilo la pili ndilo zito kuliko yote uliyoniandikia, na ndilo linaloniharakisha kukujibu ukiwa bado kwenye wiki ya 17.

Sasa nikueleze hao bakteria, kwa sababu naamini mtu akielewa kinachoendelea mwilini mwake hofu hupungua nusu.

Uke si mahali patupu, wala si mahali pachafu. Mwaka 1892 daktari Mjerumani aitwaye Albert Döderlein alieleza vijidudu virefu kama vijiti vinavyoishi ndani ya uke wa mwanamke mwenye afya, na akaona kwamba vinatengeneza asidi inayozuia vijidudu vingine kustawi. Hao ndio leo tunawaita laktobasili. Kuta za uke huhifadhi aina ya wanga iitwayo glikojeni. Wanga huo ukivunjwavunjwa kuwa sukari ndogondogo, laktobasili huila na kutoa asidi ya laktiki, na uchachu wa uke hubaki kwenye pH (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu umepungua) ya kati ya 3.5 na 4.5. Katika uchachu huo bakteria wengi wasumbufu hushindwa kuzaliana. Homoni ya estrojeni ndiyo inayoleta glikojeni, na katika ujauzito estrojeni hupanda sana. Ndiyo maana kwa wanawake wengi ujauzito ni kipindi ambacho laktobasili huongezeka na kutulia. Baada ya kujifungua estrojeni hushuka ghafla, na laktobasili nao hupungua.

Laktobasili hawafanani. L. crispatus ni mlinzi imara. Akitawala, mara nyingi hali hubaki shwari. L. iners ni kigeugeu: anaweza kuishi vizuri kwenye uke wenye afya, na anaweza kuishi vizuri vilevile kwenye uke uliovurugika, kwa hiyo kumkuta yeye peke yake hakuniambii mengi. Gardnerella na Prevotella wakishika nafasi, asidi hupungua, na bakteria wengine wasiohitaji hewa huongezeka pamoja nao. Wanatoa kemikali ziitwazo amini, na hizo ndizo zenye shombo. Manii hayana uchachu. Yakiingia hupunguza asidi zaidi na amini huruka hewani, ndiyo sababu unaisikia harufu baada ya tendo. Hali hii inaitwa vaginosisi ya bakteria.

Na kuitambua hakuhitaji kipimo cha gharama kama ulicholipia. Tangu 1983 madaktari wanatumia vigezo vinne: ute mwembamba wa rangi moja, pH iliyozidi 4.5, harufu inayotoka tone la kemikali likiwekwa kwenye ute, na chembe za uke zinazoonekana kwenye darubini zikiwa zimefunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani vizuri. Vitatu vikitimia, jibu limepatikana. Kipimo kirefu ulichofanya kina thamani kubwa kwa watafiti, lakini kwa mjamzito mmoja aliyeketi mbele yangu hakibadilishi matibabu. Nasikitika kwamba uliuziwa bila mtu wa kukaa na wewe na kukufafanulia.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hiyo haikukuambia. Utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 2011, uliochukua sampuli za wanawake 396 wasio na dalili huko Amerika Kaskazini, ulikuta kuwa kwa takriban robo yao laktobasili hawakuwa watawala. Kwa wanawake weusi waliokuwemo, ilikuwa karibu wanne kati ya kila kumi. Hawa walikuwa wanawake wenye afya njema. Kwa hiyo kukosa crispatus, kwenyewe, si ugonjwa. Kinachonifanya nikuharakishe wewe ni dalili zako na historia yako.

Je, mvurugiko huu unahusiana na kujifungua njiti, yaani kabla ya kutimiza wiki 37? Ndiyo, unahusiana. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kuwa vaginosisi katika ujauzito inakaribia kuzidisha hatari hiyo mara mbili, na inaonekana kuwa na uzito zaidi ikigunduliwa mapema katika mimba. Njia inayodhaniwa ni hii. Mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito, kama kizibo. Baadhi ya bakteria hawa hutoa vimeng'enya vinavyolainisha ute huo. Wakipenya na kupanda juu hufika kwenye utando wa chupa inayomzunguka mtoto. Kinga ya mama inawatambua na kupiga kengele: chembe za kinga humwaga kemikali za uvimbe, kemikali hizo huamsha prostaglandini, zilezile zinazolainisha mlango wa kizazi na kuleta uchungu mimba inapokomaa. Vimeng'enya vingine huanza kukata kolajeni, nyuzi zinazoipa chupa uimara wake. Chupa inaweza kupasuka kabla uchungu haujaanza. Inakadiriwa kuwa maambukizi ndani ya mji wa mimba yanachangia kati ya asilimia 25 na 40 ya watoto wanaozaliwa njiti.

Najua ulipofika kwenye sentensi ya chupa ulijiona mwenyewe. Kwa hiyo nijibu sasa lile swali lililokuumiza: je, hawa ndio waliomfanya mwanao awahi? Siwezi kukuambia ndiyo, na hakuna daktari mwaminifu atakayekuambia ndiyo miaka mitatu baadaye kwa kutazama sampuli ya leo. Sampuli hii ni ya mimba nyingine. Chupa kupasuka mapema bila uchungu inaweza kuanzia kwenye maambukizi, inaweza kuanzia kwenye mlango wa kizazi uliofupika, au kwenye kutokwa damu nyuma ya kondo, na mara nyingi haijulikani kabisa. Ninachoweza kukuambia bila kusita ni kwamba hukusababisha wewe. Vaginosisi haiji kwa sababu mwanamke ni mchafu. Haikuja kwa sababu ulilala na mumeo. Uweke chini mzigo huo.

Na "mara mbili" nayo isikutishe kupita kiasi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama kati ya wajawazito 100 wasio na vaginosisi wanane watajifungua njiti, basi kwa 100 walio nayo ni kumi na sita. Themanini na wanne wanafikisha. Walio wengi wenye hali hii hubeba mimba hadi mwisho, wengine bila hata kujua walikuwa nayo. Kwa nini mmoja adhurike na mwingine asidhurike? Sehemu ya jibu iko kwenye kinga ya mama mwenyewe, na sehemu iko kwenye aina ya bakteria. Watafiti walioandika mwaka 2019, wakilinganisha wanawake 45 waliojifungua njiti na 90 waliofikisha, wengi wao wenye asili ya Afrika, waliona crispatus pungufu na bakteria fulani kama Sneathia wakiwa wengi kwa waliowahi. Lakini miaka miwili kabla, utafiti mwingine ulipolinganisha makundi mawili ya wanawake nchini Marekani, uhusiano uliokuwa wazi kwenye kundi moja haukujitokeza vilevile kwenye la pili. Ndiyo maana nakataa kuisoma karatasi yako kama utabiri.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Ungedhani kwamba ukiwaua bakteria kwa antibiotiki, hatari inaondoka. Jambo hilo limejaribiwa kwa umakini. Utafiti uliotoka mwaka 2000 nchini Marekani uliwagawa wajawazito 1,953 wenye vaginosisi isiyo na dalili. Nusu walipewa metronidazoli, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliojifungua njiti walikuwa asilimia 12.2 upande wa dawa na 12.5 upande wa pili. Mwaka 2018 Ufaransa nao walitoa majibu yao kwa kutumia klindamisini kwa wanawake 2,869 wa hatari ndogo, na dawa haikupunguza mimba zilizotoka wala watoto waliozaliwa njiti sana. Inawezekana mvurugo wa kinga huwa umeshaanza kabla ya dawa. Inawezekana pia dawa huua bila kupanda upya: Gardnerella hujijengea utando unaong'ang'ania ukuta wa uke, dawa ikiisha anarudi, na crispatus hakuwepo kuchukua nafasi.

Tena antibiotiki zina gharama yake. Utafiti wa mwaka 2001 uliwapa metronidazoli wajawazito wenye trikomona, kimelea cha zinaa, wasio na dalili. Waliotumia dawa walijifungua njiti kwa asilimia 19, wasiotumia kwa asilimia 10.7. Mwaka huohuo utafiti mkubwa ulijaribu antibiotiki kwa wanawake walioanza uchungu mapema chupa ikiwa nzima. Haikuwasaidia, na watoto wao walipofuatiliwa hadi miaka saba, ugonjwa wa mtindio wa ubongo ulionekana zaidi kwa waliopewa dawa. Nakueleza haya ili mtu asikuuzie antibiotiki dirishani "za kujikinga."

Basi kwa nini nakupeleka kutibiwa? Kwa sababu wewe una dalili, na mjamzito mwenye dalili za vaginosisi hutibiwa ili apate nafuu. Huo ni uamuzi tofauti na kumsaka kila mjamzito asiye na dalili. Kwa wale wa hatari ndogo, jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa nchini Marekani lilishauri mwaka 2020 wasipimwe kabisa. Kwa kawaida utaandikiwa metronidazoli ya vidonge kwa siku saba, au klindamisini. Metronidazoli imetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi na haijaonekana kusababisha kasoro kwa mtoto. Maliza siku zote saba hata kama harufu imekwisha siku ya tatu. Nakuomba tu usiingie katika dozi hiyo ukiamini kwamba ndiyo kinga ya wiki ya 31. Kinga hiyo tunaitafuta kwingine, nakuja huko.

Siki: hapana. Nasema hapana kwa kila kitu kinachomiminwa au kuingizwa ndani, iwe siki, sabuni, ndimu, mvuke au manukato. Asidi ya siki hukaa dakika chache. Kinachobaki ni uke uliosuuzwa wale walinzi wachache waliokuwepo. Wanawake wanaojiosha ndani hupata vaginosisi zaidi, wala si pungufu. Osha nje kwa maji, basi. Probiotiki nazo sizioni kuwa na madhara makubwa, lakini nyingi zinazouzwa zina laktobasili wa utumbo, ambao hawahamii ukeni wakakaa, na hazijaonyeshwa kupunguza kujifungua njiti. Kuna dawa iliyotengenezwa kwa crispatus halisi, iliyojaribiwa kwa wanawake 228 na majibu kuchapishwa mwaka 2020: baada ya matibabu, vaginosisi ilirudi kwa asilimia 30 badala ya 45. Hiyo ni habari njema na ninaifuatilia kwa hamu. Lakini wanawake wale hawakuwa wajawazito. Pesa ya vidonge hivyo iweke kwenye ultrasaundi.

Mume wako ameuliza swali la haki, na afadhali aliuliza. Vaginosisi haihesabiwi pamoja na kisonono au kaswende, na kuwa nayo si ushahidi wa mtu kutoka nje ya ndoa. Hata hivyo tendo la ndoa linahusika kuirudisha. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025, wenye jozi 164 za wenza, uliwatibu wanaume pamoja na wake zao, kwa vidonge na krimu ya kupaka. Vaginosisi ilirudi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na 63 pale mwanamke alipotibiwa peke yake. Hapo kilichopimwa ni kurudi kwa vaginosisi, si umri wa mimba wakati wa kujifungua. Mwambie mje wote wawili mzungumze na daktari, na mtumie kondomu angalau wakati wa matibabu. Pia mpimwe klamidia, kisonono, trikomona, kaswende na virusi vya UKIMWI. Baadhi ya hayo nayo yanaweza kuleta uchungu mapema, na yanatibika.

Sasa tufike kwenye lile ninalolitaka zaidi kwako. Omba kupimwa urefu wa mlango wa kizazi kwa ultrasaundi ya kupitia ukeni. Ya tumboni haitoshi kwa kazi hii. Kwa mwanamke aliyewahi kujifungua njiti, tunapima kuanzia wiki ya 16, tukirudia kila baada ya wiki mbili hadi ya 24. Wewe uko wiki ya 17: hujachelewa, ila dirisha limefunguka tayari. Kifaa chake hakigusi mtoto wala hakisukumi bakteria juu. Mlango ukiwa na urefu wa milimita 25 au zaidi, tunaendelea kutazama, na wewe unalala usingizi. Ukipungua chini ya hapo kabla ya wiki ya 24, na una mtoto mmoja tumboni, kuna mambo mawili yenye ushahidi: projesteroni, homoni inayotuliza mji wa mimba, ya kuweka ukeni kila usiku, na kushona mlango wa kizazi ili usifunguke. Kwa historia yako yote mawili yanajadiliwa, na daktari wako atakueleza lipi linafaa mlango wako. Kuna madaktari wanaoanza projesteroni kwa sababu ya historia tu, kabla hata mlango haujafupika. Hapo wataalamu hawajakubaliana, lakini ni mazungumzo halali kuyaanzisha.

Siku hiyohiyo upeleke mkojo uoteshwe maabara, kwa kuwa bakteria kwenye mkojo wa mjamzito hutibiwa hata wasipomuuma. Presha na damu vitaangaliwa kama kawaida. Ukivuta sigara, acha. Sigara inahusishwa na vaginosisi na pia na kujifungua mapema. Kulala kitandani mchana kutwa usijilazimishe: hakujaonyeshwa kuzuia njiti, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Panga pia mapema mahali pa kujifungulia, pawe na wodi ya watoto njiti. Uchungu ukija au chupa ikipasuka kabla ya wiki ya 34, sindano za steroidi kwa mama hukomaza mapafu ya mtoto; kazi hiyo ilionyeshwa New Zealand mwaka 1972 na imeokoa watoto wasiohesabika tangu hapo. Mimba ikiwa chini ya wiki 32 kuna magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto. Chupa ikipasuka bila uchungu, hapo antibiotiki iitwayo erithromisini ina nafasi yake. Dawa hizi zote zinamsaidia mama aliyefika mapema.

Kwa hiyo usinitumie ujumbe, wala usisubiri kupambazuke, ukiona maji yanakutoka, hata kidogokidogo, damu yoyote, tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio kila dakika kumi au chini, maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka, kitu kama kinasukuma chini, homa, au ute wenye harufu unaoambatana na tumbo kuuma, na baadaye, mtoto kucheza pungufu ya kawaida yake. Ukiwa huna hakika kama ni maji au ni ute, vaa pedi safi, toka uende. Kutofautisha ni kazi yetu, na hakuna atakayekucheka ikiwa ni mkojo tu.

Mwisho, wiki ya 31 itafika. Nimewaona akina mama wengi wakifika kwenye wiki ileile iliyowaumiza, vipimo vyao vikiwa safi, na bado hawalali. Omba tarehe ya kliniki iangukie wiki hiyo, hata kama huna dalili yoyote, ili mkunga akupime tumbo na uyasikie mapigo ya moyo ya mtoto kwa masikio yako. Mwambie mume wako aombe ruhusa kazini akusindikize siku hiyo.